Mafungo ya Kimya Yenye Mwelekezi: Tathmini ya Huduma ya Kujifunza Kuitambua Sauti ya Mungu

Mafungo ya kimya yanayoongozwa na mwelekezi wa kiroho ni huduma ya zamani, na nyumba za mafungo katika nchi nyingi huitoa kwa muundo unaofanana. Mtu hufika jioni, hukabidhiwa chumba, huweka simu kando, kisha huingia katika siku 3, 5, 8 au 30 za ukimya ambamo huzungumza na mtu mmoja tu, kwa kawaida mara moja kwa siku. Nimeyafanya mafungo ya namna hii katika nyumba zaidi ya moja na chini ya waelekezi waliotofautiana sana kwa umri na malezi, kwa hiyo ninachokitathmini hapa ni huduma yenyewe wala si nyumba fulani. Nataka kueleza inaahidi nini, inatimiza nini, na mtu anayetamani kujua kama Mungu anasema ndani yake au ndani ya mwenzake aende akitarajia nini.

Nianze na ahadi, maana hapo ndipo matarajio ya wengi yanapoharibika kabla hata ya kufika. Nyumba yenye busara haimwahidi mtu kwamba atasikia chochote. Inamwahidi muda, ukimya, Maandiko ya kutafakari na mtu wa kumsikiliza, basi. Tangazo likisema kwamba mshiriki ataondoka akiwa amejua mapenzi ya Mungu kwa maisha yake, ningemshauri atafute kwingine, kwa sababu aliyeliandika ameuza kitu ambacho hana uwezo wa kukitoa. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19, Elia alipokea upepo, tetemeko na moto kabla ya ile sauti ndogo ya utulivu, na hakuna mtu aliyekuwa amemwandalia ratiba.

Sehemu kubwa ya huduma hii imejengwa juu ya Mazoezi ya Kiroho ya Inyasi wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, kitabu kilichoidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1548, na inafaa mshiriki ajue mbinu zake zilivyoanza, kwa kuwa asili hiyo inaeleza karibu kila atakachoambiwa. Mwezi Mei 1521 Inyasi, ambaye wakati huo alikuwa mtu wa vita na wa makuu ya dunia, alivunjwa mguu na risasi ya mzinga akiitetea ngome ya Pamplona. Akiwa kitandani nyumbani kwao Loyola aliomba hadithi za mashujaa wapanda farasi. Hazikuwepo, akapewa maisha ya Kristo na maisha ya watakatifu. Siku zikapita akiwaza mambo mawili kwa zamu: matendo ambayo angeyafanya ili kumpendeza bibi mmoja wa cheo kikubwa, na matendo ambayo angeyafanya kama angewaiga watakatifu aliokuwa akiwasoma. Yote mawili yalimfurahisha alipokuwa akiyawaza. Tofauti ilijitokeza baadaye, kwani mawazo ya kwanza yalipokwisha yalimwacha mkavu na asiye na raha, na yale ya pili yalimwacha na furaha iliyoendelea kukaa naye.

Huduma nzima imesimama juu ya ugunduzi huo, ambao ukisimuliwa unaonekana mdogo. Utamu wa wazo linapokuja hauthibitishi chochote kuhusu lilikotoka. Cha kuangaliwa ni hali ambayo linamwachia mtu likishapita. Ndiyo maana baada ya kila saa ya sala mshiriki huelekezwa kukaa kama robo saa akiangalia yaliyotokea: wapi palikuwa na uhai, wapi palikuwa na uzito, wapi akili ilitoroka na ilikwenda kufanya nini. Wengi huona robo saa hiyo kuwa nyongeza wanayoweza kuiruka ili wapumzike. Kwa maoni yangu ndiyo sehemu yenye thamani kuliko zote, na nyumba isiyoisisitiza inampa mshiriki nusu ya huduma.

Mpangilio wa siku wenyewe hauhitaji maelezo marefu. Mafungo kamili huchukua takriban siku 30 zilizogawanywa katika majuma manne, ambayo urefu wake hubadilika kulingana na mtu, na kila siku huwa na saa nne au tano za sala. Mafungo mafupi huchukua mbinu hizohizo na kuzipunguza. Ukimya huwa mgumu kwa siku za mwanzo na unafaa uwe mgumu, kwa sababu kelele za nje zinapokoma mtu hugundua kwamba za ndani hazijapungua hata kidogo. Kuna agizo moja la Inyasi ambalo waelekezi wazuri hulikumbusha hapo: saa ya sala inapokuwa kavu na mtu anatamani kuinuka kabla ya wakati, abaki kidogo kupita saa aliyojipangia. Nimeona agizo hilo likifanya kazi, ingawa mara chache kwa namna niliyoitazamia. Ukavu hauondoki kwa sababu mtu ameongeza dakika chache, ila mtu hujifunza kwamba anaweza kukaa mbele za Mungu bila kulipwa hisia.

Kiini cha huduma ni mazungumzo ya kila siku. Chumba chake huwa kidogo: viti viwili vilivyowekwa kwa mshazari ili watu wasikaziane macho, meza ya chini, na saa ya ukutani ambayo mwelekezi anaiona bila kugeuza kichwa. Mazungumzo huchukua kama nusu saa. Nakumbuka siku nilipoingia na daftari langu nikamweleza mwelekezi wangu, mtawa mzee mwenye sauti ya chini, kwamba wakati wa kutafakari Isaya sura ya 43, pale Mungu anapomwambia Israeli kwamba amemwita kwa jina lake, nilipata utulivu mkubwa sana, na kwamba nilikuwa nimeona niiache kazi yangu.

"Hayo mawili yalikuja pamoja, mwanangu?" akauliza.

Nikalifungua daftari. Utulivu ulikuwa umeandikwa juu ya ukurasa kwa mistari michache, kwa mwandiko mkubwa uliotawanyika. Habari ya kuacha kazi ilikuwa chini, baada ya aya nzima kuhusu mkutano mmoja wa ofisini ulionikera, na mwandiko wake ulikuwa umebanana.

"Sista, hayakuja pamoja."

"Basi lile la kwanza lipokee, ushukuru. Hili la pili tuliache likae. Kama ni la Mungu, halitakuwa na haraka."

Hakusema kwamba nisiache kazi, wala hakusema niache. Alichokifanya ni kutumia kanuni ya mwisho katika zile zilizoandikwa na Inyasi juu ya kupambanua roho, yaani kutambua msukumo wa ndani umetoka wapi, nayo ni kanuni ambayo ningependa kila mtu anayesema "Mungu ameniambia" aisikie walau mara moja. Kanuni hiyo inasema kwamba hata faraja, yaani furaha na utulivu wa ndani, inapokuwa imetoka kwa Mungu mwenyewe bila sababu iliyotangulia, mtu anapaswa kuutenganisha wakati wa faraja hiyo na wakati unaoufuata, ambapo moyo bado una joto na akili inaanza kujijengea mipango na maamuzi yake. Mipango hiyo inaweza kuwa ya roho njema, inaweza kuwa ya roho mbaya, na inaweza kuwa ya mtu mwenyewe, kwa hiyo haistahili kupewa uzito ule uliopewa faraja. Yohane wa Msalaba, mtawa wa Hispania aliyeandika sana juu ya sala na aliyeishi kati ya 1542 na 1591, alishangazwa na watu wa zama zake ambao wakitafakari kidogo tu na kusikia maneno fulani yakijipanga akilini huyatangaza mara moja kuwa ni ya Mungu, ilhali mara nyingi ni wao wenyewe waliojisemesha na kujijibu. Ukurasa wangu wenye miandiko miwili tofauti ulinifundisha jambo hilo kuliko mahubiri mengi niliyowahi kuyasikia.

Kanuni nyingine nazitaja kwa kifupi, kwa kuwa mshiriki atakutana nazo. Wakati wa ukiwa, yaani pale imani, tumaini na upendo vinapoonekana kukauka, uamuzi uliofanywa wakati wa amani usibadilishwe. Wazo linalodai kufichwa, linalomnong'oneza mtu kwamba hili asimwambie mwelekezi wala muungamishi, lishukiwe kwa sababu hiyohiyo ya kupenda siri. Mwenendo wa wazo uangaliwe mwanzo wake, katikati yake na mwisho wake, kwa maana linaweza kuanza kwa uchaji na kuishia mahali pa kiburi. Kisha kuna ile ya tone la maji: kwa mtu anayeelekea wema, roho njema hugusa kwa upole kama tone linaloingia katika sifongo, na roho mbaya hugusa kwa kelele kama tone linaloanguka juu ya jiwe, kwa anayeelekea ubaya mambo hugeuka. Sehemu hiyo ya mwisho mara nyingi huachwa, nami naona kuiacha ni hatari, kwa sababu mtu aliyezoea udhalimu anaweza kuhisi amani kamili akiuendeleza, na kuguswa kwake na Mungu kukawa ni kule kukosa usingizi.

Sasa niseme udhaifu wa huduma hii, ambao karibu wote uko kwa mwelekezi. Inyasi aliagiza kwamba anayetoa Mazoezi asimsukume mshiriki upande wowote, bali akae katikati kama mizani na kumwacha Muumba ashughulike mwenyewe na kiumbe chake. Si kila anayeketi kwenye kile kiti anaweza kuvumilia kukaa katikati. Katika nyumba moja nilikutana na mwelekezi ambaye kila siku alikuwa na tafsiri tayari kabla sijamaliza sentensi; ndoto aliifafanua, machozi aliyafafanua, na siku ya tatu alinieleza mpango wa Mungu juu ya familia yangu kwa uhakika ambao mimi mwenyewe sikuwa nao. Alikuwa mtu mwema na mwenye sala. Hata hivyo, sauti iliyosikika katika chumba kile ilikuwa yake, na ukimya wangu wa saa nyingi ulikuwa umegeuzwa kuwa maandalizi ya kumsikiliza yeye. Mshiriki anayekutana na hali hiyo ana haki ya kuomba mwelekezi mwingine, na nyumba nzuri humkubalia bila kumhoji. Kuna udhaifu wa upande wa pili pia, wa mwelekezi anayeitikia kwa kichwa tangu mwanzo hadi mwisho na kubariki kila kitu. Huyo hamdhuru mtu haraka, ila humwacha pale alipomkuta.

Kuhusu kuitambua sauti ya Mungu ndani ya wengine, huduma hii ina utajiri ambao nyumba nyingi zinauacha bila kuutumia. Mwanzoni kabisa mwa Mazoezi, Inyasi aliweka sharti kwamba kila Mkristo mwema awe tayari zaidi kuyaokoa maneno ya jirani yake kuliko kuyalaani. Asipoweza kuyaelewa vyema amuulize anayamaanisha nini, na kama yana kosa amrekebishe kwa upendo. Sharti hilo limewekwa kwa ajili ya mwelekezi na mshiriki, lakini ni sharti la kila mazungumzo ambamo mtu anatumaini kumsikia Mungu kupitia kwa mwenzake, na lingefaa kusomwa kwa sauti jioni ya kwanza.

Simulizi inayotumika sana katika sehemu hii ni ile ya Biblia juu ya mtoto Samweli na kuhani mzee Eli, na kwa kawaida hutafakariwa kwa upande wa mtoto: sauti, utii, "nena, Bwana". Mwelekezi mmoja alinipa niitafakari kwa upande wa mzee, nami sikuwahi kuiona hivyo kabla. Samweli anaitwa na anakimbilia kwa Eli, kwa kuwa sauti ya Mungu masikioni mwake ilikuwa kama ya mtu anayemfahamu na kumtumikia kila siku. Eli, ambaye macho yake yamefifia na ambaye nyumba yake imemshinda kuilea, ndiye anayetambua katika mara ya tatu kwamba Bwana anamwita mtoto, na ndiye anayemfundisha namna ya kuitika. Hakupokea ujumbe ule yeye, ila bila yeye mtoto angeendelea kukimbia kati ya vitanda viwili hadi asubuhi. Kisha kulipopambazuka alimtaka Samweli amwambie kila neno bila kumficha, na neno lenyewe lilikuwa hukumu juu yake na juu ya wanawe. Akajibu kwamba ni Bwana, na afanye alilo jema machoni pake. Sijui kipimo kigumu kuliko hicho cha mtu anayedai kuitambua sauti ya Mungu kwa mwingine: aitambue inapotoka kwa mdogo wake, inapomfikia kwa kuchelewa, na inapokuwa dhidi yake.

Baadhi ya nyumba zimeanza kuongeza jioni za pamoja kwa njia inayoitwa mazungumzo katika Roho, ile iliyotumika kwenye meza za mviringo za Sinodi ya Maaskofu jijini Roma mwezi Oktoba 2023. Kila mmoja husema kwa zamu yale yaliyomjia katika sala, bila kukatizwa wala kujibiwa, na kikundi hunyamaza. Mzunguko wa pili hauruhusu mtu kurudia yake. Husema ni nini kilichomgusa katika maneno ya wengine. Baada ya kimya kingine ndipo wote hujadiliana wanaelekezwa wapi. Mzunguko wa pili ndio unaonifanya niisifu njia hii kwa moyo wote. Watu waliozoea kutumia zamu ya mwenzao kutayarisha hoja zao hujikuta hawana la kusema kama hawakusikiliza, na nimewaona watu wazima wenye vyeo wakinyamaza kwa unyenyekevu, kisha wakiyataja maneno ya kijana ambaye kabla ya hapo hakuna aliyejua hata jina lake. Nyumba inayotoa mafungo ya siku 8 bila hata jioni moja ya namna hii, kwa maoni yangu, imemfundisha mtu kusikiliza ndani na kumwachia kazi ya kusikiliza nje aifanye peke yake akirudi.

Huduma hii ina jamaa zake, na anayetafuta angepaswa kuzijua. Jumuiya ya Marafiki, ambao wengi huwaita Quaker, iliyoanzishwa Uingereza katika karne ya 17 kwa mahubiri ya George Fox, huamini kwamba katika kila mtu mna kitu cha Mungu, na ibada zao za kimya hungoja hadi mtu yeyote aguswe kusema. Wana pia utaratibu ambamo mtu mwenye uamuzi mgumu hukaa na wachache wanaomuuliza maswali ya kweli, bila kumpa ushauri wala kumtolea hukumu. Anayechoshwa na waelekezi wenye majibu mengi atapata nafuu kubwa huko, ingawa atakosa mpangilio wa Maandiko ambao Mazoezi humpa hatua kwa hatua. Waislamu wana sala ya istikhara, ya rakaa mbili na dua yake, ambamo mja humwomba Mwenyezi Mungu amchagulie lililo na heri. Haihitaji nyumba wala mwelekezi, na huambatana na kutaka shauri la watu wema wenye ujuzi.

Kuna wasiofaa kuingia katika mafungo marefu ya kimya kwa wakati fulani, na nyumba isiyowauliza watu hali zao kabla ya kuwapokea siwezi kuipendekeza. Aliyefiwa majuzi, aliye katika sonona kali, au anayesikia kwa masikio sauti zinazomwamuru au kumtukana, anahitaji kwanza daktari na watu wa kukaa naye, na hilo halipunguzi imani yake hata kidogo. Ukimya wa siku nyingi unaweza kumzidishia mtu wa namna hiyo mzigo, na mwelekezi mwenye malezi mazuri hulijua hilo na hulisema waziwazi.

Kwa wengine wote naipendekeza huduma hii kwa dhati, kwa sharti kwamba wachague mwelekezi kabla ya kuchagua mandhari. Wakati wa kujiandikisha waulize mwelekezi alifunzwa wapi, kama yeye mwenyewe ana mwelekezi, anasikiliza watu wangapi kwa siku, na kama inawezekana kumbadilisha. Jibu la swali la tatu lina maana kubwa, kwani anayepokea watu wengi mfululizo hawezi kumsikia wa mwisho kama alivyomsikia wa kwanza. Ambao hawawezi kuacha kazi au watoto waulizie mafungo katika maisha ya kila siku, ambayo Inyasi aliyaruhusu katika dokezo la 19 la kitabu chake: mtu hubaki nyumbani, husali kwa muda uliopangwa kila siku, na hukutana na mwelekezi kwa kawaida mara moja kwa juma kwa miezi kadhaa. Njia hiyo ni ndefu na haina ukimya wa kukusaidia, lakini ina faida ambayo nyumba ya mafungo haiwezi kuitoa, kwa maana kila linalosikika katika sala ya alfajiri linakutana siku hiyohiyo na mwenzi wa ndoa, na watoto, na bosi, na mshiriki hulazimika kumweleza mwelekezi wake jinsi alivyowasikiliza hao pia.